Kiti cha Nyuma

Baba Pacha alizipata habari zile akiwa na wembe mkononi. Alikuwa ameiinamia shingo ya mteja wake wa kwanza wa asubuhi, anafuata mstari wa nywele nyuma ya sikio, mteja akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea tu, kwamba biashara ya maziwa siku hizi imepanuka, maana mpaka wakwe wa watu wanapakiwa. Kinyozi akausimamisha wembe. Akauliza wakwe wa nani hao. Mteja akajibu kwamba yeye si mtu wa maneno, ila kama macho hayajaanza kumsaliti, yule mama aliyekaa mbele kwenye kigari cha muuza maziwa, mto mgongoni, madumu yakigongana nyuma yake, alikuwa mama mkwe wa kinyozi mwenyewe. Na si mara moja.

Kwenye benchi la kungojea wakacheka wawili watatu. Mmoja akasema labda bibi anapenda maziwa. Baba Pacha naye akacheka, kwa kuwa kinyozi hana ruhusa ya kununa mbele ya wateja, akaimalizia ile shingo, akaipangusa, akaipaka spiriti. Lakini mkono wake, uliosifika mtaa mzima kwa wepesi, siku hiyo ulikuwa kama mkono wa kuazima.

Nje ya mlango gari lake lilikuwa limelala barazani. Kulala ndilo neno, maana tumbo lilikaribia kugusa ardhi. Alikuwa amelishusha: springi zilikatwa zikabaki fupi na ngumu, matairi yakawekwa membamba ubavuni na mapana chini, na rimu zikang'aa kama sahani za mgeni. Likipita, watu waligeuka. Likikata kona halikuinama hata kidogo, na yeye ndani yake alijiona dereva kweli, si kinyozi mwenye viti viwili na kioo chenye ufa. Na gari hilohilo ndilo lililompeleka mama mkwe hospitali mara mbili kwa wiki, tangu alipopasuliwa uti wa mgongo, kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Siku za karibuni safari zilikatika. Mke wake alimwambia mtaalamu wa mazoezi yuko likizo, naye akalikubali neno hilo bila kulipima.

Sasa alilipima, akaona halina uzito.

*

Mchana alifunga saluni akaenda duka la dawa alikofanya kazi mkewe. Alimkuta ana foleni. Ilimbidi asimame nyuma ya mtu mwenye kikohozi na mama mwenye mtoto wa homa, angoje zamu yake kama mgonjwa, huku mkewe akieleza kwa utulivu kidonge kipi kabla ya kula na kipi baada. Alipofika mbele, mkewe akamtazama usoni, akajua.

"Nani kakuambia?" akauliza.

"Mteja. Mbele ya benchi zima."

Mama Pacha akamwomba mwenzake ashike zamu, wakatoka kusimama kwenye kivuli cha ukuta. Hakulia wala hakuomba radhi. Alieleza tu, kwa sauti ileile ya vidonge. Mama alikuwa akirudi kutoka hospitali hajiwezi. Mazoezi yalimnyoosha, njia ikamkunja. Siku ya safari ilikwisha kitandani, na kesho yake pia. Mwishowe akaacha kwenda kabisa, akisema amepona, na mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Mtaalamu wa mazoezi alipiga simu mwenyewe kuuliza kulikoni. Akasema akikosa tena wasije wakamlaumu mtu, fimbo ndiyo itakuwa mguu wake wa tatu maisha yake yote. Ndipo Mama Pacha alipomfuata muuza maziwa. Gari lake bovu, linanuka mtindi, springi zake zimechoka hata linayumba kama kitanda cha kamba, lakini halichomi. Mama akishuka mle anatembea.

Baba Pacha aliuliza kwa nini hakuambiwa. Hilo ndilo lililomkereketa kuliko kicheko cha benchi: kwamba nyumbani kwake watu wawili walikuwa wakinong'ona, wakisubiri atoke ndipo waishi.

"Nilikuambia," mkewe akajibu. "Nilikuambia gari linamuumiza mama. Ukaniambia nipande. Ukanipeleka mpaka kona ya kiwanda ukanionyesha linavyoshika barabara."

Akakumbuka. Ilikuwa kweli. Tena aliikata ile kona vizuri sana.

"Mama naye alinikataza," mkewe akaendelea, sauti sasa imelainika. "Kasema, huyu kijana wa watu anaacha kazi yake kunipeleka. Atafanya nini, anunue gari jingine? Usimvunje moyo. Unamjua mama. Ungempa chai ya maji ya bahari angesema ahsante, imekolea."

Ndivyo alivyokuwa. Miaka yote tangu amwoe binti yake, mama huyo hakuwahi kusema neno la kulalamika mbele ya mkwe wake. Alikuwa fundi wa cherehani, aliyewashonea watu sare za shule mpaka mgongo ukasalimu amri, na alipohamia chumba cha uani cha nyumba yao alikuja na heshima zake zote. Alimwita Baba Pacha "baba", akamsemesha kama anavyosemeshwa mtu mzima mwenye nyumba. Kitanda kizuri. Chakula kizuri. Safari nzuri. Hata pale alipokuwa ameshika mpini wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, safari ilikuwa nzuri.

*

Jumapili Baba Pacha akampa mkewe funguo. Akamwambia ampeleke njia ya hospitali, aendeshe kama anavyoendesha yeye, asimwonee huruma. Pacha wakataka kwenda, kwa kuwa wao waliupenda mruko wa lile gari kuliko bembea ya shuleni, wakaachwa na bibi yao. Kisha kinyozi akafungua mlango wa nyuma, akainama, akajikunja, akaingia. Tangu alinunue lile gari hakuwahi kukaa pale.

Jambo la kwanza alilogundua ni kwamba huku nyuma haoni mbele. Mwenye usukani huliona shimo kabla halijafika; mwili wake hujiandaa, mikono ina kitu cha kushika. Aliyekaa nyuma hupokea tu. Tuta la kwanza lilimpata anatazama dirishani. Lilipanda moja kwa moja kupitia kitini likamgonga chini ya kiuno kama ngumi ya mtu mwenye kisa. Akajiweka sawa. Penye lami iliyobomoka halikuja tena pigo moja, yalikuja mapigo madogo madogo yasiyo na mwisho, meno yakagongana, na mashavu yake yakawa yanacheza bila idhini yake. Aligeukia upande, pakawa pabaya zaidi. Akashika mpini wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili, na hapo akajiona.

Mkewe alimtazama kwenye kioo cha kati mara moja, akabadili gia. Kwenye mtaro unaokatiza barabara, pale ambapo Baba Pacha alikuwa na kawaida ya kupita kwa mwendo ili watu wa kituo cha mafuta waone, naye akapita kwa mwendo. Gari likagonga chini. Ule mgongo wa kinyozi, mgongo mzima, usio na mshono wala kovu, ukatoa sauti.

"Simama," akasema.

Mkewe akasimamisha kando. Baba Pacha akashuka, akakaa juu ya jiwe la ukingo wa barabara, mikono magotini. Watu walipita wakizitazama rimu. Mama Pacha akashuka, akakaa karibu naye. Kwa muda mrefu walitazama magari mengine yakipita kwenye mtaro ule, yanainama, yanainuka, yanaendelea na safari zao.

"Na kila nikimuuliza," akasema hatimaye, "ananiambia safari njema, baba."

Mkewe akamwekea mkono begani. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na sasa ugomvi umekosa pa kukaa.

*

Fundi aliyelishusha gari ndiye aliyefuatwa kulinyanyua. Alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi, na hakuwa tayari kubebeshwa lawama. Alimkumbusha Baba Pacha kwamba siku ile alikuja na picha ya gari kwenye simu, akasema nataka hivi. Hakuuliza itakuwaje, aliuliza lini. Kinyozi akajibu kwamba hata yeye wakija watu na picha za vichwa huwaambia kama uso wao hautaukubali mtindo. Fundi akacheka mpaka akaegemea jeki, akasema hapo ameshikwa.

Walilipandisha gari, wakalivua matairi, na fundi akamwonyesha. Springi zilizokatwa hazikuwa na nafasi ya kucheza. Zikibanwa kidogo tu gari linakaa juu ya raba za mwisho, na kutoka hapo kila shimo linaingia mwilini. Shokapu nazo, zilizotengenezwa kwa springi ndefu, zilifanya kazi zimejikunja mpaka zikafa. Mafuta yalikuwa yamevuja yakaganda na vumbi. Bushi za mikono ya chini, zile raba za maungio, zilikuwa zimepasuka kama visigino vya kiangazi. Baba Pacha alisema lakini lilishika barabara, hilo hakuna wa kumbishia. Fundi akabisha. Lilishika kwenye lami mpya, akasema. Kwenye njia mbovu tairi lilikuwa linaruka, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Kile alichokiita kushika kilikuwa ugumu tu.

Kinyozi alilimeza lile neno polepole.

Kisha wakakaa juu ya matairi, wakapanga. Springi za urefu wa asili, zenye ugumu unaolingana na uzito wa gari, zisiwe laini kama za muuza maziwa, maana hizo huyumbisha abiria mpaka akatapika. Shokapu za gesi zinazolingana na hizo springi, si za kuokoteza. Bushi mpya zote. Na rimu ndogo, ili tairi lipate ubavu mnene wa kumeza mawe. Hapo kwenye rimu Baba Pacha alinyamaza. Fundi, aliyejua kunyamaza kwa wateja, akajifanya anatafuta spana.

Alikuwapo mwenye duka la simu ambaye kwa muda mrefu alizitamani zile rimu, na kila akija kunyolewa alizisifu kuliko alivyosifu kunyolewa. Alizichukua jioni hiyohiyo, pamoja na matairi yake, na alicholipa kikatosha sehemu kubwa ya kazi. Baba Pacha alimsaidia kuzipakia. Aliipangusa moja kwa shati lake kabla ya kuiachia, mwenye duka akaona, akaangalia pembeni kwa adabu.

Kazi ilipokwisha fundi alimwambia aingie nyuma. Wakalipita tuta, gari likapanda, likashuka, likatulia mara moja bila kudundadunda. Wakapita lami mbovu. Sauti za mawe zilisikika chini, mbali, kama ugomvi wa nyumba ya pili. Kisha fundi akaelekea kona ya kiwanda, ile yenye makorongo katikati, ambako zamani gari hilo lilikuwa likiteleza upande na kumfanya Baba Pacha aukaze usukani huku akijisifu. Likainama kidogo tu, kama mtu anayesalimia, likapita juu ya makorongo bila kutoka kwenye mstari wake. Fundi akamtazama kwenye kioo.

"Hilo ndilo kushika," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuongeza neno.

*

Saluni hawakumwacha salama. Gari lililozoeleka kulala sasa lilisimama barazani kama mtu aliyeitwa jina lake shuleni, na rimu zake ndogo za chuma zilikuwa za rangi ya sufuria. Benchi likauliza kama limetoka hospitali. Likauliza kama ni la shemeji yake. Mwenye maneno yake akasema sasa yuko tayari kuuza maziwa. Baba Pacha aliendelea kunyoa. Alishangaa kwamba kicheko kile kilimpita pembeni, na kwamba mkono wake ulikuwa umerudi kuwa wake.

Lililokuwa gumu lilibaki nyumbani. Jioni alikwenda uani, akabisha hodi kwenye chumba cha mama mkwe, akakaribishwa, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, chini kuliko kitanda, kama inavyompasa mkwe. Mama alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda akishona vifungo vya sare za pacha, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya mto. Wakaulizana hali. Wakausifu uzi. Kisha Baba Pacha akasema kwamba kesho ni siku ya mazoezi, na kama mama hatajali, angependa kumpeleka.

Mama mkwe akasema mtaalamu bado yuko likizo.

Baba Pacha angeweza kuliacha neno hilo lipite, akarudi ndani na heshima ya kila mtu ikiwa nzima. Akapiga moyo konde.

"Mama, najua habari za gari la maziwa. Sikuja kukulaumu. Nilikaa pale nyuma, unapokaa wewe. Nilipelekwa mpaka kwenye mtaro, nikaomba kushuka."

Sindano ikasimama. Uso wa yule mama ulishuka, si kwa hasira, kwa aibu. Aibu ya mtu mzima aliyekamatwa akisema uongo kwa ajili ya adabu. Akaanza kusema kwamba gari halikuwa baya, ni mgongo wake tu wa kizee, na watoto wanalipenda sana.

"Lilikuwa baya," Baba Pacha akasema. "Na mimi nilikuwa nakuuliza huku natazama mbele. Nisamehe, mama."

Mama aliukata uzi kwa meno, akakitazama kifungo, akasema muuza maziwa naye anapiga miluzi njia nzima, wimbo mmoja. Baba Pacha hakujua kama hilo ni ndiyo au hapana. Alipokuwa anasimama kuondoka, mama akauliza watatoka saa ngapi.

*

Asubuhi mke wake alimsaidia mama kuingia, akamwekea mto, akafunga mlango taratibu. Alimtazama mumewe kwa dirisha kama anayemkabidhi bilauri. Baba Pacha akaondoa gari.

Njia ya kwenda alikuwa na macho mawili barabarani na la tatu kwenye kioo. Mama alikuwa ameushika mpini wa juu, kwa mazoea. Tuta la kwanza lilipita. Hakusema kitu. Lami mbovu ikapita. Kimya. Walipofika kwenye mtaro alipunguza mwendo mpaka mwenye baiskeli akawapita, gari likainama, likainuka, na kwenye kioo uso wa mama mkwe ulikuwa uleule wa heshima, usiosomeka. Alimuuliza kama safari ni nzuri. Akajibiwa nzuri, baba. Alifikiri juu ya rimu zake, kwa mara ya kwanza tangu aziuze, zikizunguka kwenye gari la mwenye duka la simu.

Hospitalini aliketi kwenye korido kungoja. Alizoea kungoja sana, maana zamani mama alilazwa kwanza kwenye kitanda cha pembeni mpaka maumivu ya njia yatulie, ndipo mazoezi yaanze. Safari hii mlango ukafunguka mapema, na mtaalamu wa mazoezi akachungulia, akauliza mama amekuja na usafiri gani leo. Mama alikuwa ameingia kwenye vyuma vya kutembelea bila kulala hata dakika. Mguu unaitika, akasema. Wakiendelea hivi fimbo wataisahau. Nyuma yake, kwa ule mwanya wa mlango, Baba Pacha alimwona mama mkwe akijishikilia kwa mikono miwili kwenye vyuma, akiuburuta mguu wa kushoto, akiunyanyua, akiuweka chini kwa hasira ya fundi aliyerudishiwa nguo.

Kurudi, jua lilikuwa limepanda na barabara imejaa. Baba Pacha aliendesha kwa uangalifu uleule, akilikwepa kila jiwe, akiruhusu kila mtu apite. Walikuwa hawajafika mbali aliposikia sauti kutoka nyuma, sauti ambayo hakuijua, kavu na ya karibu, ile ambayo pengine mkewe aliisikia utotoni pale pindo linapokwenda mrama.

"Wewe mtoto, mbona unaendesha kama umebeba maiti? Huoni hata matoroli yanatupita?"

Akatazama kwenye kioo. Mama mkwe alikuwa ameuachia mpini. Mikono ilikuwa mapajani, na mto alikuwa ameutoa mgongoni kauweka pembeni, kama mtu aliyeamua kukaa.

"Samahani, mama," akasema. Akaongeza mwendo. Gari likapita juu ya lami iliyobomoka likiguna kwa chini, na mama hakufumba macho. "Kuna kingine?" Baba Pacha akauliza.

"Kipo. Hiki kioo hakishuki, nimevukizwa huku nyuma tangu siku ya kwanza. Na hicho kitanda ulichonipa uani kina bonde katikati."

"Nitakitengeneza."

"Na chai yenu," akasema mama mkwe, akijiweka sawa kitini, "mimi sijawahi kuiona yenye sukari ya kutosha."

Baba Pacha alicheka kwa sauti, usukani mkononi, machozi yanamtoka. Mama akamuuliza anachekea nini, na bila kungoja jibu akaingia kwenye habari ya paa la uani. Hakunyamaza mpaka nyumbani.